Hoho Tano

Watu wa vitabu hudharau jiko. Husema, na mimi nilikuwa mmoja wao, kuwa upishi ni kazi ya mikono na elimu ni kazi ya kichwa. Na ikitokea msomi akaandika juu ya chakula, huandika kama mpita njia auonaye moshi juu ya paa la makuti, akajua kuwa ndani pana moto, asijue kilichomo chunguni. Nami niliandika juu ya chakula. Niliandika kurasa nyingi, nikapewa shahada ya uzamivu kwa ajili yake, na tangu siku hizo nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi maneno ya jikoni ya pwani ya kusini: kung'uto na kifumbu, upawa na mwiko, tui jepesi na tui zito, kukaanga, kuunga na kupalia. Insha hii ni habari ya nyama ya pilipili niliyoipika nyumbani kwa mama yangu, Kilwa Kivinje, na ya neno moja ambalo chungu kilinionyesha kuwa sikulijua.

Mama yangu alipatwa na kiharusi mwezi wa Machi mwaka 2023. Upande wa kulia wa mwili ulilegea na kauli ikamwondoka. Wasiopata kuona jambo hili hudhani kuwa mtu aliyepotewa na kauli amepotewa na akili pia. Sivyo. Mama anamjua kila aingiaye, anazijua saa za sala, na kuku wasipofungiwa jioni hatulii mpaka wafungiwe. Lakini akitaka kusema "kuku" hutoka jina la mtu aliyekufa zamani, au halitoki neno lolote, na yeye mwenyewe husikia kuwa limetoka silo, akafumba macho kwa uchungu. Pamoja na hayo, akinyosha mkono kwenye chakula husema "Bismillahi" kamili, bila kukwama, kwa sauti ile ile niliyoizoea tangu utoto. Daktari alinieleza kuwa maneno yaliyorudiwa umri mzima, kama vile dua na hesabu ya moja mbili tatu, aghalabu husalia mahali ambapo maneno ya kutungwa papo kwa papo yamekwisha kwenda. Mimi, mtu wa lugha, nilimsikiliza kwa makini kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kisha nikatoka nje nikasimama chini ya mkorosho kwa muda mrefu.

Kilichotutia hofu zaidi kilikuwa kula. Kumeza kwake kulirudi baada ya miezi michache, lakini hamu haikurudi. Alikatazwa chumvi nyingi na mafuta mengi, basi nyumbani wakampikia kila kilicho chepesi: uji, ndizi za kupondwa, samaki wa kuchemsha asiye na kitu. Alikula vijiko vitatu, vinne, akageuza uso. Tena alikuwa akiona haya, kwa sababu alilazimika kula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo maisha yake yote aliwakanya watoto wasilifanye. Alikuwa na bangili moja ya fedha isiyotoka mkononi kwa wepesi. Kila nilipokwenda likizo niliiona inateremka mbali zaidi kuelekea kiwiko. Mwezi wa Mei mwaka 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga, na safari niliyoikusudia ikavunjika. Nilipofika mwezi wa Desemba bangili haikuwapo mkononi tena. Ilikuwa imewekwa sandukuni, kwa kuwa ilikuwa ikianguka.

Usiku ule nikaikumbuka nyama ya pilipili.

Msomaji asiye wa kwetu apaswa kujua kuwa nyama ya ng'ombe haikuwa chakula cha kila siku katika pwani ya Kilwa na Lindi. Ile ni nchi ya samaki, muhogo na nazi. Vichaka vya nyuma ya miji vilikuwa makao ya mbung'o, na mbung'o na ng'ombe hawapatani. Nilipokuwa mtoto nyama ya ng'ombe ilikuwa ya Idi, ya arusi na ya hitima. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa katika mabonde ya Usangu na Ihefu; wengi wao walishuka na makundi yao mpaka wilaya za Kilwa na Lindi, na pamoja nao yakaja magomvi ya mashamba na ya maji ambayo yanastahili insha yake peke yake. Siku hizi nyama hupatikana kwa urahisi kuliko zamani. Lakini mama hakuibadili kanuni yake: nyama ya pilipili hupikwa kwa sababu, haipikwi kwa njaa.

Mojawapo ya sababu hizo ilikuwa kurudi kwangu. Nilisoma shule ya bweni kaskazini ya mto Rufiji, na hilo lilikuwa kabla ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Wasafiri wa kusini walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na katika masika mtu aliweza kulala ng'amboni akingoja maji yapungue. Nilifika nyumbani usiku, nyusi zimegeuka nyekundu kwa vumbi la lori, na kabla sijapiga hodi harufu ilikuwa imekwisha kunipokea mlangoni. Mama hakuwa mtu wa kukumbatia. Alisema, "Nawa mikono," akanipakulia. Nilikula mpaka jasho likanitoka utosini, naye akiniangalia kwa furaha ambayo hakuitamka. Na hapo nilijua kuwa nimefika.

Nilikuwa na maelezo ya upishi wake, tena kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 2009, nilipokuwa nikikusanya maneno kwa ajili ya tasnifu, nilikwenda Kivinje na kinasa sauti, nikamketisha mama mbele ya kinu, nikamwambia, "Mama, nieleze kama unayemfundisha mtu asiyejua." Akacheka, akanijibu, "Hilo si gumu, mwanangu, maana hujui kweli." Kisha akaeleza kuanzia mwanzo hata mwisho, na mimi nikayaandika. Yalikuwa katika kiambatisho cha tasnifu, na nakala ya tasnifu ilikuwa mkobani mwangu. Nilijiona nina bahati kuliko watoto wengine ambao mama zao wamenyamaza bila ya kuacha maandishi.

Mama mdogo, ambaye ndiye anayekaa na mama na kumtunza, alikuwa amekwenda Lindi kwenye msiba. Nilibaki na mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na minne. Asubuhi nilimpa orodha niliyoinakili kutoka kitabuni: nyama kilo moja yenye mafupa, vitunguu maji vitatu, thaumu, tangawizi, nyanya nne, ndimu, nazi mbili, bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu tatu, na hoho tano. Akaenda Masoko, akarudi na kila kitu, na hoho zilikuwa nzuri: kubwa kama ngumi, kijani, zinang'aa, zimeletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Mwanamume wa Kivinje akiketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi huwa tamasha. Jirani alichungulia juu ya ua, akaita wenzake. Mmoja akauliza kama huko chuoni ndiko nilikofundishwa kukuna, na mwingine akasema heri nilivyochelewa kuliko nisingejifunza kabisa. Nilikuna, nikakuna na kidole kimoja. Nikachuja tui zito, nikachuja tui jepesi. Nikaitia nyama thaumu, tangawizi na ndimu, nikaiweka motoni iive kwa maji yake yenyewe mpaka yakauke, kama ilivyoandikwa. Nikakaanga vitunguu, nikatia viungo vilivyotwangwa, nikatia nyanya. Nikakata zile hoho tano vipande vyembamba, nikazitumbukiza. Mchuzi ukatoa harufu njema. Mpwa wangu akaonja, akasema, "Mtamu, mjomba," na kwa hakika ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu kama mchuzi wa hoteli.

Mama alisema Bismillahi. Akachukua tonge dogo la wali na mchuzi, akatafuna kwa upande wa kushoto, kwa maana upande wa kulia wa kinywa hauhisi. Akangoja. Niliona kuwa anangoja kitu kije. Akaniangalia, akaiangalia sahani, akachukua tonge la pili dogo kuliko la kwanza, akangoja tena. Halafu akaisukuma sahani taratibu, bila hasira, kama mtu anayemrudishia mwingine mzigo uliofikishwa kwa makosa kwenye nyumba isiyo yake.

Nilidhani kuwa ugonjwa umemwondolea ladha. Nililala na dhana hiyo usiku kucha.

Mama mdogo alirudi kesho yake adhuhuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikampa pole ya msiba. Alipokwisha kupumzika akaenda jikoni, akafunua sufuria ya jana, akanusa.

"Nani amepika?"

"Mimi, mama mdogo."

"Umepika nini, baba?"

"Nyama ya pilipili. Kama ya mama."

Akachota kwa upawa, akaonja, akanitazama kwa huruma. "Pilipili yenyewe iko wapi?"

Nikamwonyesha hoho moja iliyobaki. Hakucheka mara moja. Aliishika kwa vidole viwili kama anayeshika kitu cha mtoto, akasema, "Hii? Hii ni pilipili boga. Dada amekuambia tia boga?"

"Amesema hoho."

"Ehe. Hoho. Na hii ni boga." Halafu ndipo alipocheka, akacheka hata akaketi. "Mwalimu wa Kiswahili!"

Naomba nimweleze msomaji jinsi kosa langu lilivyokuwa, kwa sababu si kosa la mpishi, ni kosa la mwanachuoni. Ndugu hawa wawili walilelewa na bibi yao aliyekulia Unguja, na maneno yao ya jikoni ni ya Unguja. Huko Unguja hata leo pilipili hoho ni ile inayowasha, na hii kubwa isiyowasha huitwa pilipili boga. Bara mambo yamekwenda njia nyingine. Katika masoko ya Dar es Salaam hoho ni hiyo kubwa isiyowasha, na zile kali zinaitwa pilipili mbuzi, pilipili kichaa, au pilipili kali tu. Mimi nilipoandika tasnifu nilikuwa nimekwisha kukaa Dar es Salaam miaka kumi. Nilisikia neno la mama kwa sikio la soko la Kariakoo. Katika ukurasa wa 143 niliandika kwa ujasiri kuwa hoho ni pilipili kubwa ya kijani, isiyowasha, itiwayo kwa ajili ya harufu. Watahini hawakuliona, kwa kuwa nao walikuwa wanunuzi wa soko lile lile. Na mpwa wangu, aliyezaliwa katika nyumba ile ile ya mama, alipotumwa hoho alinunua boga bila ya kusita. Neno lilikuwa limebadilika ndani ya ua mmoja, na watu wa ua huo walikuwa wakila pamoja kila siku wasijue.

Jambo lililoniumiza zaidi ni kuwa ushahidi nilikuwa nao. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyo katika rafu yangu na ambayo nimewaamuru wanafunzi waisome, inaeleza pilipili hoho kuwa ni pilipili nyekundu, ile kali, na kuitofautisha na pilipili manga. Niliisoma mara nyingi. Nilidhani kuwa Johnson amekosea.

Usiku ule wa pili nilikaa barazani nikayapanga upya mambo niliyokuwa nikiyafundisha. Neno pilipili lilitufikia kutoka mashariki. Waarabu husema filfil, Waajemi pilpil, na shina lake la mbali liko katika Kisanskriti, pippali. Kwa karne nyingi neno hilo lilikuwa ni jina la ile punje nyeusi ya Bara Hindi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kabla ya hapo alikula Mogadishu, akasimulia meza ya huko: wali wa samli, michuzi ya nyama, kuku na samaki, na kando yake ndimu za achari, tangawizi mbichi, maembe, na pilipili iliyotiwa siki na chumvi. Wasomaji wa leo wakifika hapo huona pilipili nyekundu katika mawazo yao. Haikuwako. Mmea wa pilipili iwashayo ni wa Marekani, na ulivuka bahari baada ya mwaka 1492. Sultani aliyejenga Husuni Kubwa, ambaye jumba lake linaanguka polepole juu ya jabali la Kilwa Kisiwani, hakupata kuonja mchuzi wenye hoho wala wenye nyanya. Vitu hivyo viliingia pwani zetu katika zama za Wareno, ambao mwaka 1505 waliuteka mji wa Kilwa na mwaka 1512 wakauacha. Mgeni yule mwekundu alipofika alipewa jina la mwenyeji, kwa sababu wote wawili walikuwa wakali. Na alipokwisha kuzoeleka, ikawa mwenyeji ndiye anayehitaji sifa ya kumtambulisha, akaitwa pilipili manga, pilipili ya Uarabuni. Kisha akaja mgeni wa tatu, mkubwa na mpole, naye akalichukua bara jina la hoho. Kila mara jina lilibaki mahali pake na kitu kikabadilishwa chini yake. Haya yote ningeweza kuyaeleza darasani kwa saa mbili bila karatasi. Lakini nilikuwa nimempikia mama boga.

Asubuhi nilikitafuta kinasa sauti cha mwaka 2009. Nilikuwa nimeyahifadhi mazungumzo yale katika tarakilishi, lakini tangu nilipokwisha kuyaandika sikuyasikiliza tena, na baada ya kiharusi sikuthubutu. Nilitaka kuyasikiliza peke yangu, nikiwa nimeziba masikio kwa vipokeasauti. Mama mdogo akanikataza. "Sauti yake, wamwibia ya nini? Mwache asikie." Basi nikaiweka tarakilishi juu ya mkeka mbele ya mama.

Ilitoka sauti ya mama, nyepesi, ya haraka, yenye mzaha. Mama akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu aliye nyuma ya mlango. Alijitambua, hilo niliona. Midomo yake ikaanza kuifuata sauti, ikachelewa, ikafuata tena. Sikuweza kumtazama, nikawa naitazama tarakilishi. Tukafika kwenye pilipili, na hivi ndivyo alivyosema: hoho tano, zichome kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ibabuke, uzitwange na thaumu, wala usitoe kokwa, na ukisha kuzishika usijifute macho, utalia kama uliyefiwa.

Katika kiambatisho changu maneno ni mawili tu: hoho tano. Yaliyobaki niliyakata. Nakumbuka hata sababu: niliandika pembeni kwa penseli kuwa hayo ni maneno ya mzaha, hayana msamiati mpya. Lau ningaliyaacha, hata mtoto angalijua kuwa hoho isemwayo hapo si boga, kwa maana boga halimlizi mtu. Mama alikuwa ameniambia maana ya neno lake waziwazi. Tena alikuwa hai na mzima kwa miaka kumi na minne baada ya hapo, na wakati wowote ningeweza kumwuliza, "Mama, hoho ni ipi?" Sikumwuliza, kwa sababu nilijua.

Nimelisahihisha neno hilo katika nakala yangu. Nakala nyingine ziko maktabani, mikononi mwa wanafunzi; ndiyo maana naandika haya mahali watakapoyaona.

Tukapika mara ya pili siku ile ile. Mama mdogo aliketi juu ya kigoda akaamrisha, mimi nikatenda. Hoho tulizipata kwa jirani, mti mmoja ulio nyuma ya choo, nyembamba, nyekundu, urefu wa kidole cha mwisho. Nilizipanga juu ya makaa. Ngozi ilipobabuka moshi ukainuka, na moshi ule hauna huruma: mpwa wangu alikimbilia uani akipiga chafya, jirani akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Leo ndiyo mnapika!" Na kutoka barazani tukasikia mama naye anapiga chafya, mara tatu, na baada ya chafya ya tatu akasema kwa sauti iliyonyoka, "Alhamdulillahi." Mama mdogo akanyanyua kidole nisitie neno. Tukanyamaza wote wawili, moshi ukituchoma macho, tukingoja kama kitafuata kingine. Hakikufuata. Akasema, "Twanga, baba."

Nikatwanga hoho na thaumu na tone la ndimu, kokwa zikiwamo. Mkali zaidi si kokwa zenyewe, bali ule utando mweupe uzishikao, na kuzitoa kokwa ni kuutoa nao. Nyama ilikwisha kukauka maji yake. Nikaigeuza katika vitunguu vilivyopata wekundu, nikatia bizari na pilipili manga, yule mwenyeji wa kale, nikatia nyanya zikaiva hata zikapotea, ndipo nikatia zile pilipili. Tui jepesi likafuata, moto ukapunguzwa, chungu kikaachwa kichemke polepole zaidi ya saa nzima, mpaka nyama iachane na mfupa. Tui zito tulilitia mwisho, la nazi moja badala ya mbili kwa ajili ya amri ya daktari, nami nikakoroga bila ya kufunika, kwani tui likichemka kwa nguvu hukatika. Chumvi tulitia kidogo sana. Mama mdogo alitaka kuongeza, nikamzuia, akanung'unika kuwa daktari hajapata kula kwake.

Nilipokuwa nikikoroga nilifikiri juu ya kitenzi. Kiswahili hakikuridhika kusema kuwa pilipili ni kali. Kimesema kuwa pilipili inawasha, na kuwasha ni kufanya kitu kiwake, kama taa au kuni. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walieleza kuwa kapsaisini, kitu kilicho ndani ya pilipili, hukamata mlango ule ule wa mishipa ya fahamu unaopokea joto la kuunguza, na kwa kazi ya namna hiyo alishirikiana na Ardem Patapoutian kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa hiyo kuwasha si ladha, ni habari ya moto iliyopelekwa mahali pasipo na moto. Jambo hilo lilinipa tumaini dogo. Kama ladha imemwacha mama, huenda moto bado una njia ya kumfikia, ijapokuwa ni kwa upande mmoja wa ulimi.

Tulimpakulia wali, na juu yake mchuzi na vipande vitatu vya nyama vilivyolainika hata havihitaji meno. Mama akasema Bismillahi. Akatia tonge kinywani kwa mkono wa kushoto, akatafuna kwa upande wa kushoto, akangoja kama alivyongoja juzi.

Kikaja. Jicho la kushoto lilijaa maji kwanza. Kisha jasho likaota juu ya paji la uso, matone madogo, nusu moja zaidi kuliko nusu ya pili. Akavuta pumzi kwa meno. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuinuka na kikombe, lakini mama akakikataa, akachukua tonge jingine, na jingine. Alipofika la sita au la saba akasita, akaunganisha vidole vyake akavisugua juu ya sahani kama anayenyunyiza kitu. Chumvi. Nikatikisa kichwa. Akarudia, kwa ukali. Nikakata ndimu nikamkamulia. Akaonja, akanitazama kwa jicho linalojua kuwa ndimu si chumvi, akaendelea kula.

Alikula robo tatu ya sahani. Kilichobaki alikisukuma, si pembeni kama juzi, bali mbele yangu, akagonga ukingo wa sahani kwa kidole mara mbili. Niliketi mkekani, nikanawa mikono, nikala. Nilikuwa nimeonja kwa ncha ya mwiko tu, na ncha ya mwiko haikuwa imenitayarisha. Moto ulishika kooni, ukapanda masikioni, machozi yakanitoka, na nilipotaka kuyafuta nilisahau kuwa vidole vyangu ndivyo vilivyozitwanga zile hoho. Nikapiga kelele. Nilisikia mama anacheka. Kicheko kilikuwa cha upande mmoja, lakini kilikuwa chake. Maji hayaizimi pilipili, mafuta ya nazi ndiyo yanayoituliza, hayo nilikuwa nimeyasoma na kuyafundisha. Nikaomba maji.